Makofi ya Kilo Uwanjani Doha

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, hata nikiwa kwenye foleni ya benki, mpaka walio nyuma yangu huanza kuniachia nafasi. Ilikuwa hapa hapa Doha, miaka ile ya elfu mbili na kitu, nikiwa bado kijana na magoti yangu yakinisikiliza. Siku hizi hayanisikilizi. Nikiyaambia tupande ngazi, yananiuliza kama lifti imeharibika. Lakini wakati ule nilikuwa mrukaji, na si mrukaji wa kubahatisha. Nilivaa rangi za nchi yetu kifuani nikaruka mbele ya mataifa, ndipo klabu moja ya huku ikanileta kwa mkataba niirukie.

Mchezo wangu ulikuwa miruko mitatu. Kama huujui usione haya, mama yangu mzazi aliniombea miaka mingi bila kujua anaombea nini. Unakimbia kwa kasi hadi kwenye ubao uliolazwa ardhini. Hapo unaruka na kutua kwa mguu uleule, unaruka tena na kutua kwa mguu wa pili, halafu unajirusha kwa nguvu zote zilizobaki ukaangukie mchangani. Ukikanyaga ubao vizuri, mwamuzi anainua bendera nyeupe na mruko wako unapimwa. Ukiupita hata kwa ncha ya kiatu, anainua nyekundu, na kazi yako yote imekwenda bure. Ni mchezo wa mdundo. Nimeona wanaume wenye mapaja ya kutisha wakila mchanga kwa sababu mdundo uliwatoka njiani.

Sasa taabu yangu ya kwanza Doha ilikuwa hii: mtu akisikia Mkenya na riadha, anajua unakimbia mbio ndefu, na hutamtoa hapo hata kwa winchi. Afisa wa uwanja wa ndege alitazama karatasi zangu, akatabasamu, akanifanyia ishara ya kukimbia kwa viwiko. Dereva aliyenipokea aliniuliza kama nitapenda kwenda klabuni kwa gari au kwa miguu. Hata meneja wa klabu, Mkatari mmoja mpole wa kanzu nyeupe isiyo na doa, alishtuka kidogo nilipomwambia kwamba mimi nikizunguka uwanja zaidi ya mara moja huanza kuwakumbuka marehemu wa ukoo wetu.

Waliokataa kabisa kuelewa, lakini, walikuwa watu wangu mwenyewe. Nilipanga chumba mtaa wa Najma, juu ya duka la simu, katika jengo lililojaa walinzi, madereva na wapishi wa hoteli kutoka Kenya na Uganda. Mkubwa wetu sote alikuwa Mzee Ochola, mlinzi wa jengo la maduka, mtu mzima mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Kwao alikuwa amefanya kazi kwa chifu miaka na mikaka, na hakuna baraza, harusi wala matanga yaliyofanyika eneo lile bila yeye kushika maikrofoni. Doha hakuwa na maikrofoni, ila nadhani hakuwa ameligundua hilo.

Jioni yangu ya kwanza alinikalisha chini anihoji mbele ya watu.

“Kijana, umesema unakimbia. Halafu?”

“Halafu naruka mara tatu, mzee.”

“Unaruka nini? Kuna kitu kimelala hapo njiani?”

“Hakuna kitu.”

“Kwa hivyo unaruka hewa.”

“Naruka hewa, mzee, naangukia mchanga.”

Alinitazama kwa huruma ya kweli. “Na jangwa lote hili walilonalo, wakatuma ndege ikakuleta uje kuangukia mchanga?”

Jengo zima likaangua kicheko, na tangu jioni ile jina langu likawa Mchanga. Bi Mwanaisha pekee ndiye aliyenitetea. Huyu alikuwa mama wa Malindi aliyepikia familia moja kule Al Rayyan, na kila Ijumaa akiruhusiwa kutoka alikuja Najma na ndoo ya mahamri. “Mwacheni kijana wa watu,” alisema. “Ikiwa kazi yake ni kuruka, na aruke. Bora asituvunjie sahani.”

Kwa ujinga wa ujana nikaamua kuwaonyesha. Tulishuka uani, nikachukua kasi kutoka langoni, nikaruka wa kwanza vizuri, nikaruka wa pili vizuri, na wa tatu nikauruka moja kwa moja ndani ya kamba za nguo. Nilitua nikiwa na suruali ya mtu shingoni. Mlinzi mmoja kijana akauliza, “Buda, hiyo ni mchezo ama kuna mtu unamtoroka?” Mzee Ochola akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefumbuliwa macho. “Sasa nimeelewa,” akasema. “Ni kama kukimbizwa na mbwa kwenye boma la watu.”

Tulicheka sana miezi ile, lakini uwanjani mambo hayakuwa ya kuchekesha. Msimu wangu wa pili niliruka vibaya. Nyama ya paja ilinisumbua, na joto la huku lilinimaliza nguvu kabla sijaanza. Siku moja meneja akaniita ofisini, akanipa kahawa, akaniuliza habari za mama. Mwanangu, mwajiri akianza kukuuliza habari za mama, jiandae. Akaniambia kwa upole kwamba yamebaki mashindano ya mwisho ya msimu, kwenye uwanja wetu wenyewe. Nikiingia tatu bora, mkataba utaendelea. Nisipoingia, “khalas,” akasema, akakung’uta viganja.

Niliteremka ngazi za ofisi ile nikiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Kibali changu cha kuishi kilikuwa mkononi mwa klabu. Unga ukimwagika, narudi nyumbani, na nyumbani wakati ule hakuna aliyemwajiri mtu kwa kuruka. Ningerudi na kuruka kungekuwa kumekwisha. Na mimi sikujua kazi nyingine, wala sikuitaka. Niliupenda mchezo ule kuliko nilivyopenda kula.

Ndipo nikapata wazo, na nililiona wazo la akili nyingi. Katika mashindano makubwa huko nje nilikuwa nimewaona warukaji mashuhuri wakiinua mikono juu ya kichwa kabla ya kukimbia, wakipiga makofi polepole. Uwanja mzima unawafuata. Paa, paa, paa, polepole, halafu kadiri mrukaji anavyokimbia ndivyo makofi yanavyoongeza kasi, mpaka anafika kwenye ubao akiwa amebebwa na watu elfu na elfu. Kitu kile kinakupa mdundo mwilini, huwezi kukosea. Uwanja wetu sisi ulikuwa mtupu, viti vinatazamana. Niliwahi kujaribu siku moja. Nikainua mikono, nikapiga makofi, na mtu pekee aliyeniitikia alikuwa bwana mmoja aliyekuwa akifagia kule juu. Akaniinulia ufagio. Alidhani namsalimia.

Basi nikamwendea Mzee Ochola. Nikamwambia, mzee, Ijumaa ya mashindano niletee watu wanipigie makofi. Zaidi ya hapo sikusema. Nani huwaeleza watu wazima jinsi ya kupiga makofi?

Mzee alilipokea jambo lile kama wito wa taifa. Kesho yake kulikuwa na kamati. Yeye mwenyekiti, Mganda mmoja dereva wa basi la kampuni akawa katibu, na wakachagua mweka hazina ingawa hakukuwa na hazina. Walinzi wakabadilishana zamu. Kila aliyekutana na Mzee Ochola dukani, msikitini, kanisani au kwenye kibanda cha chai ya karak alipewa taarifa rasmi kwamba kijana wetu Mchanga ana siku kubwa na anahitaji kusimamiwa. Hakuna hata mmoja aliyejua nafanya nini hasa. Walijua tu nimewaomba waje.

Na walikuja, mwanangu. Alasiri ile ya Ijumaa nikiwa najinyoosha kandokando ya mchanga niliona basi la kwanza likitema watu, kisha la pili. Waliovaa sare kwa kuwa wametoka kazini, waliovaa sare kwa kuwa wanaelekea kazini, wapishi, mayaya, vijana wa hoteli na viatu vyao vya kung’aa. Bi Mwanaisha alikuwa mbele kabisa na ndoo yake, amejifunga leso kama anaingia ngomani. Walijaza upande mzima wa jukwaa. Kichwa kikanivimba. Kocha wangu, mzee mmoja wa Kibulgaria ambaye sikuwahi kuyaona meno yake, aliuliza hao ni kina nani. “Watu wangu,” nikajibu, nikiinua kidevu. Akasema, “Tutaona kama wataruka kwa niaba yako.”

Tulikuwa na zamu sita za kuruka kila mmoja. Zamu yangu ya kwanza ilipofika nikasimama mwanzo wa njia, nikavuta pumzi, nikainua mikono juu ya kichwa nilivyowaona wale mashuhuri wakifanya, nikapiga kofi moja, nikapiga la pili.

Mzee Ochola akasimama.

Hapa lazima nikueleze, maana wewe umekulia mjini. Kwetu mtu wa heshima hapigiwi makofi ovyoovyo. Anapigiwa makofi ya kilo. Kiongozi anasimama, watu wanasugua viganja kwanza ili vipate moto, kisha wanapiga kwa pamoja kwa amri yake, na mwisho wanayasukuma yale makofi kwa mikono miwili kumrushia mheshimiwa. Naye mheshimiwa anatakiwa asimame wima, ayapokee kifuani. Akiondoka kabla ya kupokea, amewatukana wote waliokuja.

“Wananchi!” Mzee Ochola akanguruma. “Kijana wetu ameomba makofi! Tumpe ya rejareja?”

“Hapanaaa!”

“Tumpe ya nini?”

“Ya kilooo!”

“Pasha moto!”

Mimi huku chini nilisikia kelele, halafu nikasikia kimya, kwa sababu viganja vinavyosuguliwa havisikiki mbali. Nikadhani hawajanielewa. Mrukaji ana muda mfupi tu wa kuanza; saa ya mwamuzi ilikuwa inakimbia, nami nikakimbia. Nilikuwa nimefika katikati ya njia, kasi imekolea, mdundo umekaa sawa kabisa, ndipo jukwaa zima likalipuka kwa mpigo mmoja. PAA! Moyo ulinipaa, miguu ikagombana, nikaufikia ubao kwa mguu usio wake na kuupita kwa kiatu kizima. Bendera nyekundu. Nikiwa nimekaa mchangani nikisikiliza masikio yangu yakilia, nilimsikia Mzee Ochola akifoka, “Pokea basi! Huyu anakimbilia wapi?” Nikageuka. Umati mzima ulikuwa umenyoosha mikono kuelekea mahali nilipokuwa nimesimama mwanzo, wakimrushia makofi mtu ambaye hayupo.

Kocha akauliza ile ilikuwa nini. Nikamwambia ni salamu. Akauliza walikuwa wakimsalimia nani.

Nikakimbilia kwenye uzio kuwaeleza. “Mzee, si hivyo. Mnaanza polepole, halafu mnaongeza kasi nikikaribia ubao.”

“Nani anaongoza?”

“Hakuna anayeongoza, mzee. Mnapiga tu.”

Alinitazama kama niliyemwambia nimeoa bila kumjulisha. “Makofi hayana mwenye kuyaongoza? Hayo ni makofi ya walevi, kijana.”

Hata hivyo zamu yangu ya pili walijaribu, kwa kunipenda. Walianza polepole vizuri. Lakini upande wa Waganda wakaongeza kasi mapema, upande wa Wakenya wakadhani ni mashindano nao wakakaza, madereva wakaanza wimbo wa kwao, na mimi nilipokuwa hewani kwenye mruko wa pili Bi Mwanaisha akapiga kigelegele ambacho sijapata kukisikia tena mpaka leo, hata harusini kwangu. Nilicheka nikiwa hewani. Usijaribu, mwanangu, ni jambo la hatari. Miguu ilitua mbele, makalio yakabaki nyuma, na kanuni ya mchezo inasema kipimo kinaanzia alama iliyo nyuma zaidi mchangani. Makalio yangu ndiyo yaliyopimwa siku hiyo, na hayakuwa yamefika mbali.

Hapo ndipo nilipochemka. Nilirudi kwenye uzio, nikasema kwa sauti ambayo waamuzi wote waliisikia, “Nyamazeni! Mnaniharibia kazi! Kama hamjui kushangilia kaeni kimya!”

Mzee Ochola aliketi kwanza, nao wote wakaketi.

Nikaruka zamu ya tatu, ya nne na ya tano katika kimya nilichokiomba. Bendera zilikuwa nyeupe, lakini miruko ilikuwa mifupi, haina uhai. Nilikuwa nashika nafasi ya karibu na mkia. Kati ya mruko na mruko nilitupia macho jukwaani bila kutaka, nikawaona watu wazima wamekaa mikono mapajani kama watoto walioadhibiwa. Mlinzi mmoja aliyetoka zamu ya usiku alikuwa amelala begani kwa mwenzake, na hakuna aliyemwamsha kwa kuwa hakukuwa na cha kumwamshia. Bi Mwanaisha alikuwa ameifunika ndoo ya mahamri na kuiweka chini ya kiti.

Kabla ya zamu yangu ya mwisho, Mzee Ochola akaniita kwa kidole. Nilitegemea anifokee, nami nilikuwa na la kujibu. Hakunifokea. Alinisemesha chinichini ili watu wasisikie.

“Kijana, huo ubao wako mimi siujui. Hata hizo bendera sizijui. Lakini watu nawajua. Huyu mwenye amelala hapa angekuwa kitandani. Mwanaisha ameomba ruhusa kwa madamu wake mpaka akaambiwa Ijumaa ijayo hatoki. Wewe umewaita wakupende. Wamekuja. Sasa unawapangia vile watakupenda? Wewe ni nani?”

“Mzee, nikikosa leo kazi yangu imeisha. Narudishwa nyumbani.”

“Basi iishe. Watu wanamaliza kazi kila siku. Lakini usimalize kazi na watu siku moja, utabaki na huo mchanga peke yako.” Akaninyooshea kofia yangu ya jua, iliyoniangukia pale uzioni nilipowafokea. “Enda uruke. Sisi tutanyamaza vile umesema.”

Lile neno la mwisho ndilo lililoniumiza. Niliona aibu, mwanangu, aibu ya kweli. Nilitembea mpaka mwanzo wa njia nikiwa siuoni ubao wala mchanga. Mwamuzi akaniruhusu, saa ikaanza kuhesabu. Kocha akanipungia mikono, kimbia, kimbia! Badala ya kuutazama mchanga, mimi nikaligeukia jukwaa. Nikasimama wima, miguu pamoja, mikono kifuani, nikainamisha kichwa, kama mgeni anayengoja heshima yake barazani.

Mzee Ochola alinitazama muda mrefu mno, na saa yangu inakimbia. Kisha akainuka, akasafisha koo.

“Wananchi,” akaanza, “kabla sijafika mbali, ningependa kwanza kuchukua nafasi hii kuwashukuru wote ambao...”

“Wee Ochola!” Bi Mwanaisha akapasua. “Fupisha maneno, mtoto yuwachelewa!”

“Pasha moto!” akafupisha mzee. Viganja vikasuguliwa. “Piga!” Wakapiga, na safari hii mlipuko ulinikuta nimesimama. “Rusha!” Mikono yote ile ikanyooshwa kuelekea kwangu, nami nikayapokea kifuani kwa mikono miwili, na sioni haya kukwambia kwamba machozi yalinilenga. Mwamuzi alikuwa akinionyesha saa huku akikaribia kunimeza. Nikakimbia.

Sijui ni nini kilichoruka siku ile. Sikuwa nimewaza mdundo hata kidogo, na mdundo ulikuwepo. Mguu uliukuta ubao, ukanirusha, nikatua, nikaondoka tena, na mruko wa tatu ulikaa hewani mpaka nikapata nafasi ya kushangaa. Nilipofumbua macho mchangani niliona bendera nyeupe, na nikamwona kocha wa Kibulgaria ameshika kichwa, na meno yake yote nje. Jukwaa lilisimama. Yule mlinzi aliyelala aliamka akauliza kama tumefika.

Ulikuwa mruko mrefu kuliko yote ya maisha yangu, kabla na baada. Na ulinipa nafasi ya nne.

Ndiyo, ya nne. Aliyenitangulia alinipita kwa upana wa kidole. Niliutazama ubao wa matokeo mpaka herufi zikachezacheza. Unga ulikuwa umemwagika, tena umemwagika kwa upana wa kidole. Lakini watu wangu, ambao hawakujua kusoma ubao ule na hawakujali, walikuwa wameshavuka uzio. Walinibeba mabegani wakiimba, wakaizunguka njia nzima na mshindi wa nne, huku mshindi wa kwanza akitupisha njia kwa adabu. Mimi kule juu nililia kilio cha kweli. Wakanipigapiga mapaja wakiambiana, muoneni, furaha imemzidi.

Kisha nikamwona meneja akija na kanzu yake nyeupe, akikata uwanja moja kwa moja. Nikawaomba waniteremshe, nifukuzwe nikiwa nimesimama.

Hakuuliza habari za mama. Hakutaja hata mruko. Aliuliza, “Hawa watu ni wa nani?”

“Ni watu wangu,” nikasema, na safari hii sikuinua kidevu.

Akaniambia kwamba tangu klabu ilipoanzishwa, jukwaa lile halijawahi kupata watu. Kila msimu wakubwa wa klabu hukaa kule juu kwenye viti vyao vyekundu wakitazama viti vitupu, na kila msimu humuuliza yeye watazamaji wako wapi. Leo wakubwa walisimama. Watoto wake mwenyewe walikuwa kule juu wakisugua viganja. “Watakuja msimu ujao?” akauliza.

Nilifungua kinywa nijibu. Mzee Ochola, ambaye hakuna aliyemuuliza, akapita mbele yangu, akavuta sare chini ikanyooka, akamjibu kwa Kiingereza chake cha barazani kwamba jambo hilo linategemea. Kamati italijadili. Lakini kamati ingependa kuona basi lenye kiyoyozi, chai, na mahali pa heshima pa kuweka mahamri. Na kuhusu kijana huyu, kamati haiwezi kuja kumpigia makofi mtu ambaye hayupo.

Meneja akanitazama, akamtazama Mzee Ochola, akacheka mpaka kilemba kikamkaa upande. Akampa mkono mwenyekiti.

Hivyo ndivyo nilivyobaki Doha, mwanangu. Miguu yangu ilikuwa imeshindwa. Niliombewa nafasi na watu niliokuwa nimewaambia wanyamaze mbele ya kadamnasi, na mpaka leo hakuna hata mmoja wao aliyenikumbusha.

Niliruka miaka mingine mingi baada ya hapo. Nilirudi kuvaa rangi za nchi, nikaruka katika viwanja vikubwa ambako watu wanajua kupiga makofi yale ya polepole yanayoongeza kasi, na ni mazuri, siwezi kusema uongo. Lakini uwanjani kwetu hapa Doha warukaji wageni walijifunza kusimama na kupokea kabla ya kukimbia, na walioondoka bila kupokea walizomewa na Bi Mwanaisha. Magoti yaliponikatalia, miaka ya elfu mbili na kumi na kidogo, nikavua viatu vya miiba nikaanza kufundisha watoto wa shule kule Al Wakrah. Mzee Ochola alishastaafu akarudi kwao. Nasikia amenunua maikrofoni.

Sasa nikwambie kwa nini nimekukalisha. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye jengo moja la maduka, nikamwona kijana wa nyumbani, amevaa vizuri, beji ya ofisi shingoni. Mlinzi wa mlangoni akamtambua, akamwita kwa furaha, “Niaje bro! Wewe si wa home?” Kijana akajitia hamnazo. Akaweka simu sikioni akajifanya anaongea, na simu ikaita papo hapo sikioni mwake. Nilicheka, halafu nikahuzunika, kwa sababu nilimjua. Alikuwa ni mimi nimesimama kwenye uzio.

Mwanangu, wewe umesoma, na utafika mbali. Utaingia ofisi ambazo watu wake wanajua kimya cha adabu na makofi ya kipimo. Jifunze mambo yao, usidharau. Lakini watu wako watakuja siku yako kubwa na kelele zao, na ndoo zao, na hotuba ndefu, na watakushangilia vibaya, wakati usiofaa, kwa jambo wasilolielewa. Watakuaibisha mbele ya wakubwa. Usiwanyamazishe. Hawakuja kuona unachofanya, wamekuja kukuona wewe, na watu wa namna hiyo hutawapata kwa kuwaajiri. Akikuita mlinzi mlangoni, simama. Weka simu mfukoni. Mpe mkono, muulize kwao ni wapi, hata kama umechelewa kikao. Kikao kitaendelea bila wewe, ndivyo vikao vilivyo. Na ukishawaudhi wanaokupenda, kwa maana utawaudhi, usingoje kutafuta maneno. Wageukie tu, usimame, wakuone.

Mungu akujalie afya ya miguu na ulaini wa moyo. Akupe kazi unayoipenda kuliko kula, na usiku wa kulala bila hofu ya kuipoteza. Na siku utakayoshika nafasi ya nne, mwanangu, akupe watu wasiojua kusoma ubao wa matokeo. Amina.